Unyoya wa Kapteni

Jumatatu, 5 Mei

Nimefagia banda la njiwa kabla ya shule. Nimebadilisha maji. Mtama umebaki nusu ndoo. Jike yuko na makinda wawili, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Manyoya yameanza kuota. Bado wana sura mbaya.

Dume hayupo. Kapteni, njiwa mweupe wa baba. Baba mdogo alimchinja siku ya tatu ya msiba wa baba kwa ajili ya wageni wa Magamba. Hakujua. Aliingiza mkono bandani akamkamata wa kwanza aliyemsogelea. Kapteni alikuwa amezoea mikono.

Shuleni wamenipa pole tena. Nasema asante. Ndani hakuna kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Mama hajaongea leo pia. Amepika, amefua, kisha amekaa kwenye kigoda mbele ya baiskeli za wateja ambazo baba hakuzimaliza. Wenyewe wanaona aibu kuja kuzichukua.

Baba mdogo amekuja kupanga arobaini. Amewatazama makinda muda mrefu. Jirani ana dume mweusi anayeshinda juu ya bati letu, na kila mtu amemwona.

"Kama ni uzao wa Kapteni, wabaki," amesema. "Ni kumbukumbu ya kaka. Kama si wake, sufuriani. Nyumba hii ibaki na damu yake."

Nimetazama viatu vyangu. Baba hakunizaa. Alikwenda Mishamo kutengeneza baiskeli akarudi na mama, mimi nikiwa mgongoni. Mtaa mzima wa Makanyagio unajua. Sidhani kama baba mdogo alikuwa ananisema mimi. Alikuwa anasema njiwa.

Jumamosi, 10 Mei

Kaka Joshua, mtoto wa shangazi, anarudi chuoni Morogoro kesho. Anasomea udaktari wa mifugo. Mwalimu wake anafanya utafiti wa njiwa na anatafuta sampuli.

"Hawa tunawapima DNA, Riziki. Tutajua baba yao, na tutajua yupi dume, yupi jike."

Baba mdogo amecheka hadi akakohoa. "Njiwa apimwe DNA! Watu wenyewe hawajapimwa. Na hilo la dume na jike halitaki kipimo. Njiwa wakiwa pacha, mmoja dume, mmoja jike. Hata mtoto mdogo anajua."

Ni kweli, wote tunasema hivyo. Hata baba alisema.

Lakini amekubali kusubiri mpaka arobaini.

Joshua amewang'oa makinda manyoya machache ya kifuani, na mama yao pia. Yule mweupe amemdonoa. Ya Kapteni yalichomwa pamoja na takataka. Ulibaki mmoja tu, wa bawa, aliouangusha mwenyewe zamani. Nilikuwa nautumia kuweka alama kitabuni. Joshua ameukagua kwenye shina, akasema unafaa. Akauweka kwenye bahasha.

Nimekunja kona ya ukurasa. Sijawahi kukunja kitabu.

Jumanne, 20 Mei

Wanaruka sasa. Mweupe anatua kwenye kiti cha baiskeli ya baba na kukaa pale kama Kapteni. Shingo ile ile. Anakuja mkononi. Nimeamua ni wa Kapteni.

Mweusi anakaa juu ya bati. Sikumpa jina, kwa sababu atachinjwa. Nikajichukia kidogo. Baadaye hata hilo likaisha.

Jumapili, 1 Juni

Hakuna ujumbe. Mtihani wa Biolojia kesho. Nimesoma sura ya urithi mara mbili. Mama ananisikia nikisoma kwa sauti.

Ijumaa, 6 Juni

Ujumbe wa Joshua umeingia kwenye simu ya mama. Makinda wote wawili ni madume. Mama yao ni yule yule. Mweusi ni wa Kapteni. Mweupe siye.

Chini ameandika, "Rangi inadanganya, mdogo wangu."

Nimesoma mara tatu. Baba mdogo alikuwa anafunga turubai uani. Nimempa simu.

"Kumbe!" Amepiga paja. "Kumbe mama njiwa naye alitembea!"

Wanawake waliokuwa wanamenya mihogo wamecheka. Mama hakucheka. Ameendelea kumenya.

"Haya. Mweupe kesho," amesema baba mdogo.

Nimechukua simu nikairudisha ndani.

Jumamosi, 7 Juni

Arobaini.

Asubuhi baba mdogo amekwenda bandani na kisu. Hakuhangaika. Mweupe amemrukia mwenyewe mkononi.

Mama amesimama kutoka kwenye kigoda.

"Shemeji."

Watu wote wamegeuka. Walikuwa wamesahau sauti yake.

"Riziki naye si damu. Yeye unamchinja saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo amenitazama, kisha akatazama chini.

"Mama Riziki, jamani. Mimi nimesema njiwa."

"Kapteni alimlisha huyo," mama amesema. "Nilikuwa nakaa hapa hapa nikimwona. Alikuwa anawalisha wote wawili. Hakuuliza."

Baba mdogo amemwachilia njiwa. Kisha amekwenda kunawa mikono, ingawa haikuwa na damu. Amenawa muda mrefu.

Tumekula wali na maharage. Nilifikiri nitalia. Nimeosha sahani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefagia banda. Nimebadilisha maji.

Bodaboda ameleta debe la mtama kutoka Magamba. Limetoka kwa baba mdogo. Hakutuma neno.

Niliporudi kutoka shule mama alikuwa ameziba pancha ya baiskeli moja. Ameniambia nimwite mwenye baiskeli. Nimekwenda.

Wale wawili wamepigana mlangoni mwa banda. Madume. Itabidi tuwatafutie sanduku la pili.

Chini ya kiti cha baiskeli ya baba nimeokota unyoya wa yule mweupe. Nimeufuta vumbi, nikauweka kitabuni. Kona niliyoikunja nimeinyoosha. Alama haitoki.