Buti za Kaka Yohana

Jumanne, Julai. Tunduma. Baridi, na upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Tumaini katoka kunichekesha sasa hivi. Amevaa buti za mjomba wake, ya kushoto mguu wa kulia na ya kulia mguu wa kushoto, zimemfika magotini. Katembea kama bata hapa uani, kisha akakaa chini puu. Hakulia. Ameshika kamba zake ananiuliza mwenye viatu yuko wapi.

Nimemwambia mjomba alikuwa na miguu mikubwa.

Nimekaa kizingitini na simu yangu, naandika huku namwona baba yake pale kwenye benchi, anaota jua. Leo sitaki atoke machoni pangu. Tunasubiri gari. Nitaeleza, ila ngoja nianze na kaka.

Kaka Yohana alikuwa mwanajeshi. Alijitoa uhai akiwa likizo nyumbani kwetu Nanyala, Tumaini bado yuko tumboni. Namna gani sitaandika, haimsaidii mtu. Msibani watu walisema ni jeshi, ameona mambo huko. Mwaka uliofuata baba mdogo Enoki wa Hasamba naye akaondoka hivyohivyo, na yeye hajawahi kushika bunduki, ameshika jembe na ndoo ya kahawa tu. Hapo jeshi halikuwepo la kusingizia, wakasema ni pombe.

Mimi niliishia kidato cha pili, sio mtaalamu wa mambo haya. Lakini nikiwa naosha vyombo huwa nawaweka hawa wawili pamoja, askari na raia, naitazama miezi yao ya mwisho.

Kaka alipanga kila kitu. Kwetu askari akija likizo lazima agawe, mtoto wa jeshini haji mikono mitupu. Kwa hiyo alipompa baba koti lake zito, akampa mama blanketi, akampa mume wangu buti zake alizozing'arisha mpaka unaona uso wako, tulifurahi. Mama alipiga vigelegele.

Hakuna aliyejiuliza huyu atarudi kambini na viatu gani.

Baba mdogo hakupanga kitu. Yeye aliacha. Kahawa yake iliiva ikawa nyekundu, ikakaukia mtini ikawa nyeusi, na wenzake wote wako shambani wanachuma. Kwaya akaacha. Kaka hakusema neno la kufa, ila baba mdogo alisema sana. Kilabuni aliwaambia mwaka huu mtanizika, wakamjibu basi tuandikie shamba kabisa. Wakacheka, na yeye akacheka nao.

Nilidhani hawafanani hata kidogo. Mmoja kimya, mwingine maneno. Mmoja kambini kati ya watu wengi, mwingine peke yake na mibuni yake. Lakini kaka alikuwa ameachwa na mchumba, na baba mdogo mkewe alikuwa amerudi kwao. Kaka aliumia mgongo, hawezi tena kukimbia na wenzake. Baba mdogo mguu. Wote wawili usingizi uliwakimbia. Na wote wawili walisema "nimechoka", sisi tukawajibu "pole na kazi".

Sisemi hiyo ndiyo sababu. Wapo wengi walioachwa na wana migongo mibovu, na wanaishi. Sababu yote anaijua Mungu.

Sasa baba Tumaini.

Yeye ni fundi wa malori, pale yanapopanga foleni kwenda mpakani. Madereva wa Zambia wanamwita Bashi Tumaini, yaani baba Tumaini kwa Kibemba chao, na wapo waliokuwa hawakubali fundi mwingine aguse gari. Tangu jeki imfyatukie mkononi, spana haikai vizuri kwenye vidole. Usiku halali. Uji anaukoroga mpaka unapoa. Nami nikajua ni maumivu tu, yatapita.

Jumamosi aligawa boksi lake lote la spana kwa fundi mwenzake, Elia. Mume wangu huyu, ambaye hata bisibisi alikuwa hamwazimi mtu! Jirani yangu akanitania, akasema fundi wako kaokoka kanisa gani hili la kugawa, na sisi tuje tupange mstari. Nikacheka. Nilicheka kabisa.

Jana jioni akaniletea buti. Amezipaka dawa, zinang'aa. Akasema, "Zitunze hizi za kaka yako. Mimi hazina kazi tena."

Nilizipokea kwa mikono miwili, kama mama alivyopokea lile blanketi. Ndipo nikakumbuka kilichofuata.

Nilikaa karibu naye mpaka kukacha. Watu husema ukimuuliza mtu neno hilo umemwonyesha njia. Mimi naona kwetu hakuna aliyeuliza, na njia waliiona wenyewe. Asubuhi, kabla ya uji, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Baba Tumaini, unawaza kujiua?"

Hakukasirika. Akaangalia chini, akasema, "Nani kakwambia?"

"Viatu."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata jeki ilipomfyatukia. Akasema alikuwa hajui aanzie wapi kusema, na akaniomba leo nisimwache peke yake. Nimemwambia simwachi leo wala kesho, na kwamba tunaenda hospitali, huu nao ni ugonjwa kama malaria, una watu wake wa kuutibu. Akakubali kwa kichwa.

Nikampigia Elia, nikamweleza. Elia anapenda maneno mengi, lakini alisema moja tu: "Shemeji, gari naleta, na boksi lake narudisha."

Haya ninayoandika sitayaweka mtandaoni mpaka baba Tumaini ayasome kwanza. Akisema futa, nafuta.

Sijui hospitali watatuambia nini. Ila nina tumaini, na si kwa sababu ndilo jina la mtoto. Ni kwa sababu yuko pale benchini, amemkalisha mwanaye mapajani, anamvua buti moja moja kwa ule mkono mbovu.

Kaka, ungemwona huyu mtoto. Ana meno yako yale ya mbele. Nimekukumbuka leo kuliko siku ya msiba. Natamani unipigie mluzi wako kule barabarani, nitoke mbio na mikono ya unga, nikukalishe hapa hapa na kukuuliza vilevile.

Nasikia gari la Elia, spana zinagongana nyuma. Baba Tumaini ananiita. "Mama Tumaini, twende." Ameita tena, amesimama mwenyewe. Nakuja, namalizia neno moja tu. Kaka, siku ile ya buti, kama ningekuuliza, naamini unge—