Mahindi Mafupi ya Kamatanda

Likasi, tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Nakusalimia sana. Mguu unaendeleaje huko Lubumbashi? Dada yangu mkubwa, Yaya Josée, na mtoto wake mchanga wana afya? Sisi hapa mtaani Shituru ni wazima, ila umeme unakatika kila siku.

Nimesikia kwamba Baba mdogo Éphraïm alikupigia simu juu ya shamba la Kamatanda, lile marehemu Papa alilolifyeka kwa mikono yake, na kwamba ulilia, kisha ukakubali tuliache. Tafadhali soma barua hii kwanza.

Jumapili baada ya misa alituita sebuleni, ameshika mabua mawili ya mahindi. La shamba letu la Koni lilimpita kimo. La Kamatanda lilimfikia kiunoni, majani ya manjano. Akasema mambo yako wazi: mvua ni ileile, mkulima ni yuleyule, basi ni shaba ya migodini iliyoua udongo wa Kamatanda. Wote tuliitikia.

Carine peke yake, mke wa kaka Guy, alimwuliza Baba mdogo kwa heshima: «Papa, tunajua namna gani kama mbegu ilikuwa moja? Na kama ilipandwa siku moja?» Baba mdogo akacheka. Mfuko wa mbegu ulinunuliwa na wewe mwenyewe, Mama, akasema, na mimi Michée ndimi niliyepanda kote. Wakanigeukia. Nikajibu ndiyo.

Mama, nilidanganya. Mbegu zako za Kamatanda nilimpa Hélène wa kwaya, kwa sababu kwao hawakuwa na cha kupanda, na kwa sababu ni Hélène. Kamatanda nikatupia mahindi ya kusaga yaliyobaki jikoni, wiki tatu nzima baada ya Koni. Labda shaba nayo ina neno lake, sijui. Lakini udongo wa Papa tumeuhukumu bure.

Jana nilimwambia Baba mdogo yote. Alinigombeza mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akakaa, akasema shamba haliachwi. Msimu ujao mbegu moja, siku moja, pande zote mbili, na yeye atakuwepo.

Hélène naye amekasirika, maana nilipompa mbegu nilimwambia ni zangu, na sasa amejua ukweli. Leo asubuhi nimemkuta Kamatanda na jembe, anapanda maharagwe katikati ya mahindi yale mafupi ili shamba lisikae bure. Hakunisalimu. Alininyooshea tu jembe la pili.

Unisamehe, Mama. Umbusu mtoto kwa niaba yangu, na Yaya apumzike vizuri.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Michée