Feni Isiyotegemea Ufunguo

Jumatatu, 9 Februari

Nimelisukuma gari tena. Mara ya tatu mwezi huu. Dereva wetu, Mwadime, alishika usukani. Mimi na wauza vitunguu wawili wa hapa Maungu tukasukuma hadi likawaka. Mgongo unaniuma.

Gari ni la kikundi chetu cha familia zenye wagonjwa, nami ndimi katibu. Humpeleka mke wangu, Wakesho, hospitalini Voi kusafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa. Hawezi kuketi wima mwendo wote huo. Hulazwa kiti cha nyuma, feni ikimpepea. Feni hiyo, taa ya ndani na chaja ya simu vilifungwa mwezi uliopita na Mutua, fundi wa waya wa mtaa wa Kaloleni, Voi. Tangu hapo betri haina uhai. Nimechoshwa na kazi mbovu.

Jumanne, 10 Februari

Tulifika tumechelewa saa nzima. Muuguzi alitupokea akiitazama saa ya ukutani, jambo lililoniudhi kuliko karipio.

Mwadime amekiri kwamba huisahau feni ikizunguka hadi asubuhi. Anajitetea kuwa akitoa ufunguo, redio hujizima yenyewe, lakini vifaa vya Mutua haviujui ufunguo. Kumbe vimeungwa moja kwa moja kwenye betri. Fundi wa namna gani huyu?

Nimemwandikia mwenyekiti wetu, Mama Saru, malalamiko rasmi. Kurasa mbili. Nimetumia maneno "uzembe uliokithiri" na nimeridhika nayo. Nimeomba pia gari lisiguswe na fundi yeyote hadi shauri lisikilizwe, ili ushahidi usivurugwe.

Jumatano, 11 Februari

Kamati imeridhia ombi langu neno kwa neno. Kikao ni Jumapili ijayo, si hii.

Mutua alinipigia simu. "Katibu, nipe dakika ishirini tu na hilo gari. Hiyo ni kazi ya waya mmoja."

Nikamtaka ajibu kwa maandishi.

"Sasa waya nitaujibu na biro, mzee?" Akacheka. Nikakata simu.

Ijumaa, 13 Februari

Gari halikuwaka. Tulisukuma hadi karibu na reli. Betri imekufa kabisa. Jirani mwenye gari dogo yuko Mombasa.

Nilimwendea Mama Saru nikitaka fundi aitwe. Akavaa miwani, akanisomea sentensi yangu mwenyewe, polepole, kama anayemsomea mtoto.

"Hapa umeandika fundi yeyote. Yeyote ni yeyote, Katibu. Andika kwamba umeyafuta malalamiko, nipige muhuri sasa hivi."

Nikamjibu kwamba nitafikiri. Kufuta ni kukiri. Nilirudi nyumbani, nikafikiri, na saa ya mashine ikapita. Nayaandika hapa kwa kuwa sitayasema mahali pengine popote.

Hospitali imetupa nafasi ya Jumatatu asubuhi. Wameagiza Wakesho apunguze kunywa maji. Pumzi ikimbana kabla ya siku hiyo, apelekwe mara moja kwa njia yoyote.

Jumamosi, 14 Februari

Miguu yake imevimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Usiku alilalia mito mitatu ili apate pumzi. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Alfajiri nilifungua jalada kutafuta maagizo niliyompa Mutua, niyaambatanishe kama kielelezo. Kila agizo huliandika juu ya karatasi ya kaboni na kubaki na nakala. Nakala ilikuwepo. Mwandiko wangu mzuri: "Feni na vifaa vyote viendelee kufanya kazi hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa dereva." Chini yake, kwa kalamu ya Mutua: "Nimemshauri viungwe kwa swichi ya ufunguo, gari likizimwa vizime. Amekataa." Chini ya hayo, sahihi yangu.

Nia yangu ilikuwa njema. Mwadime huenda kunywa chai na ufunguo wake, Wakesho akabaki ndani ya gari lenye joto la tanuri. Niliwaza feni. Betri sikuiwaza. Kosa ni langu, lote.

Nilimweleza Wakesho. Nilieleza kirefu.

"Baba Mghoi, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nenda kwa huyo fundi wa watu umwambie hivyo hivyo. Kwa mdomo."

Nimeandika barua ya mstari mmoja kuyafuta malalamiko. Mama Saru ameipiga muhuri bila kuniangalia. Nikapata lifti ya lori hadi Voi. Mutua alikuwa chini ya gari la mtu. Niliziambia nyayo zake kwamba kosa ni langu.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda ibadani. Mutua alikuja na betri ya kuazima.

"Umeleta muhuri, Katibu?"

"Sikuleta."

"Haya, shika taa hii, nione."

Aliutoa kwenye betri waya mwekundu wa feni na vifaa vingine. Akatafuta kwa taa ya kupimia fyuzi inayopata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa, akaiunga na rilei, ile swichi ndogo inayobeba mzigo ili waya mwembamba usiungue. Ufunguo ndani: feni ikazunguka. Ufunguo nje: kimya. Alirudia jaribio hilo mbele yangu mara tatu, bila haja. Nilistahili. Kweli zilikuwa dakika ishirini.

Wakesho hakula. Anahema akiongea.

Jumatatu, 16 Februari

Liliwaka mara moja. Tulifika mapema. Alikaa kwenye mashine hadi mchana. Daktari alisema tusirudie kuruka siku. Nikasema ndiyo, daktari.

Mwadime alikuwa ameenda kunywa chai na ufunguo. Nilimlaza Wakesho kwenye kiti chake. Feni imesimama. Nilifungua mlango wa pembeni na wa nyuma, nikaning'iniza leso yake upande wa jua. Upepo kidogo ulipita kutoka mlima wa Ndara, ukiwa na vumbi. Akalala mdomo wazi. Nikaketi kwenye kidato cha mlango, nikiutazama ubavu wake ukipanda na kushuka.

Mwadime alirudi akiomba radhi. Nikamwashiria angoje kidogo.