Tutaelewana Siyo Bei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee mama huko jikoni kabla hajauliza mbona yeye hakusalimiwa. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na ile dawa ya kuchua unaitumia, hujaiweka dirishani iangaliwe na wageni. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakua kwa fujo. Mkubwa ameng'oka meno ya mbele na sasa anajivunia pengo kuliko alivyowahi kujivunia meno. Mkwe wako anakusalimu sana na anasema uache kupanda ngazi.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Baba, kwenye simu wewe hatukuwezi. Mtu akikuambia jambo zito unasema haya mwanangu, tutaelewana, halafu unampa mama simu. Barua huwezi kumpa mama kabla hujaimaliza. Kwa hiyo kaa, vaa miwani, usome mpaka mwisho, maana la moyoni liko huko.

Kama unavyojua, niliacha kazi ya kampuni ili nijitegemee. Pale kampuni nimefunga umeme kwenye majengo makubwa miaka yote ile, lakini habari ya bei sikuijua hata chembe. Bei ilikuwa ya wakubwa wa ofisini. Mimi nilipewa ramani na roli za waya. Tulikubaliana na mkwe wako nijaribu mpaka shule zitakapofunguliwa. Kazi ikisimama, vema. Isiposimama, nirudi kwa bosi, ambaye aliniambia huku anacheka kwamba ovaroli yangu hatampa mtu mwingine. Kile kicheko kiliniuma, nikatoka pale nimeapa sirudi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwa mwalimu wa mtaa wa nyuma. Nikafanya kama mafundi wote, nikahesabu pointi: kila swichi pointi, kila soketi pointi, kila taa pointi, nikazidisha nikamtajia. Alikubali haraka mpaka nikashtuka. Kumbe kuta za nyumba yake ni za mawe matupu. Kutindua njia ya waya mmoja tu kulinimalizia asubuhi nzima, na kutindua sikuwa nimekuhesabu, wala nauli, wala vile vitu vidogovidogo unavyokimbilia dukani kila saa. Nilirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, mkono mtupu. Mkwe wako akauliza natoka kazini au natoka kutoa sadaka. Nilicheka naye, kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji nikalia.

Baada ya hapo nikageuka mbogo. Mteja aliyefuata nilipofika getini kwake nikaona gari zuri linang'aa, na bei ikapanda yenyewe mdomoni. Yule baba alinisikiliza kwa adabu, akaniambia gari ni la mwajiri wake, yeye ni dereva tu, na nyumba anayotaka kutia umeme ni kile chumba cha uani. Akanishukuru kwa kuja, akafunga geti polepole. Bora angenitukana, jamani. Nilisimama pale nje nikijiona mjinga, mtu mzima na koleo mkononi, nimepima kazi kwa kuangalia geti.

Siku hiyo nilikufikiria sana, baba, na sitakuficha, nilikufikiria kwa hasira. Nilikumbuka enzi zako za kufunga umeme, walivyokuwa wakikuita Fundi Tutaelewana. Mtu anakuuliza kazi hii bei gani, unajibu tutaelewana. Anauliza tena, unasema wewe usijali, tutaelewana. Mwisho wa kazi wanaelewana wao kwa wao, na wewe unarudi na asante. Nakumbuka mama alivyouza cherehani yake. Alikifuta kile kichwa cha cherehani kwa kitambaa mpaka kikang'aa, akamkabidhi mnunuzi. Mimi nilijiapia kwamba nikiwa fundi, hakuna atakayenielewa bure.

Halafu akaja muuza nyama wa sokoni, anayejenga nyumba ya vyumba vitatu. Huyu bwana anajua kukata bei kuliko anavyojua kukata nyama. Kila nilipotaja bei alishika kichwa kama aliyepewa habari ya msiba. Akaniuliza kwani waya nautengeneza mimi. Akasema yuko fundi mwingine atakayefanya kwa nusu, na kwanza huyo ni mwanamume, atapanda paa haraka. Hilo la mwisho lilinichoma. Lakini siku zilikuwa zimepita bila kazi, sare za shule hazijanunuliwa, na sauti ya bosi ilikuwa inanicheka masikioni. Nikakubali bei yake, tukapeana mikono, akanipa malipo ya awali ya kununulia vifaa.

Nilipofika duka la vifaa vya umeme ndipo hesabu ikanigomea. Nyaya za kupeleka moto na za kuurudisha zimo, soketi zimo, swichi zimo, sanduku la fyuzi limo. Kilichobaki hakikutosha ule waya wa ethi, wa kijani, unaoteremsha shoti ardhini, labda niongezee ujira wangu wote. Muuzaji aliona nasitasita, akaniinamia akasema wengi siku hizi hawauchukui. Taa zinawaka vilevile, na plasta ikishapigwa nani ataona. Baba, roli ya waya huo ilikuwa mkononi mwangu. Nikairudisha juu ya kaunta. Njia nzima nilijidanganya kwamba nitaununua baadaye, na huku najua fika kwamba ukuta ukishazibwa hakuna cha baadaye.

Kesho yake, kabla sijaanza kwa muuza nyama, nikaitwa kwa msusi mmoja anayesukia watu sebuleni kwake, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake. Friji ilikuwa imempiga mwanawe shoti. Nakuambia mapema ili moyo usikupasuke: mtoto ni mzima. Alitoka kuoga, miguu mibichi, akashika mlango wa friji, ukamng'ang'ania mpaka mama yake alipozima swichi kuu. Alipelekwa hospitali, mkono ukawa mzito kwa siku chache, na sasa anaruka kamba kama wenzake. Ila siku ile nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, hataki kuingia hata kwa pipi. Aliniuliza kama friji itamkasirikia tena. Nikamwambia ngoja nikaiulize.

Nikafungua soketi ya friji. Waya wa kijani haupo. Nikafungua ya sebuleni, haupo. Nyumba nzima nikaizunguka, hakuna hata kipande, na chini pale nje hakuna fimbo ya shaba ya kuushikiza ardhini. Ndipo nilipopanda darini kuangalia maungio, nikamulika tochi.

Kila ungio lilikuwa limezungushiwa tepu nyeusi, taratibu, bila kikunyanzi, na kila tepu ncha yake ya mwisho imekunjwa kidogo, ibaki kama kishikio. Sijawahi kuona fundi mwingine anayefanya hivyo. Pale kampuni walinicheka kwa sababu yake, wakasema napoteza muda. Mtu mmoja tu ndiye aliyenifundisha kukunja ile ncha, nikiwa mdogo nimekaa juu ya kisanduku chake cha vifaa, akisema tukunje, mwanangu, ili fundi atakayekuja baadaye aibandue bila taabu.

Nilikaa juu ya boriti nikalia, baba. Msusi akaita kutoka chini kuuliza kama nimeona panya.

Niliposhuka nikamuuliza nyumba ilitiwa umeme lini. Akasema ni mwaka ule mvua ilipobomoa daraja, naye alikuwa anaanza shule. Akasema mama yake hadi anakufa alikuwa akiwasimulia wageni jinsi alivyompunguza fundi bei, akampunguza tena, mpaka fundi mwenyewe akabaki anacheka. Mwaka wa daraja naukumbuka vizuri. Ndio mwaka nilioanza sekondari. Tulikuwa tunavuka maji kwa miguu, na viatu vyangu vipya nilivivua nikavibeba kichwani visilowe. Vilikuwa viatu vya kwanza vipya maishani mwangu, na wewe ulivileta nyumbani umevificha ndani ya koti, huangalii watu usoni. Nilidhani una haya kwa sababu ya furaha.

Hujawahi kuwa mtu wa kusahau waya ule. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba hauwashi taa wala haupashi pasi, ndiyo maana watu hawaoni faida yake, kazi yake ni kumlinda mtu. Kwa hiyo najua ulijua. Najua pia ulivyosimama kwenye ile kaunta, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama pale jana yake tu, na roli nimeiacha. Hasira niliyokuwa nayo juu yako kwa miaka yote niliitafuta siku ile darini nisiione. Nakupenda, baba, na viatu vile vilinifikisha hapa nilipo.

Nilimwambia msusi kwamba kazi ile ni ya baba yangu. Nilidhani atanifukuza. Akamwangalia mtoto pale kizingitini, akasema mama yake angesikia haya angejifunika kanga usoni. Kisha nikamtajia bei ya kurekebisha nyumba nzima na, huwezi kuamini, akaomba nimpunguzie! Tukacheka wote wawili mpaka mtoto akaja kuona kuna nini. Hapo ndipo nilipopata jibu nililokuwa nalitafuta tangu nitoke kampuni. Nikamtenganishia bei mbele yake: vifaa hivi, kutindua hivi, nauli hii, na ufundi wangu huu. Nikamwambia ufundi wangu tunaweza kuzungumza kidogo, lakini waya wa kijani na fimbo yake havina mazungumzo, na asiyevitaka atafute mtu mwingine. Alilipa. Mtoto ndiye aliyefungua friji wa kwanza, na mimi nimemshika mkono.

Kwa muuza nyama nilirudi nikamweleza vilevile. Alifoka soko zima likasikia. Nikamkabidhi vifaa nilivyokwisha nunua na salio la malipo yake ya awali, na kazi akampa huyo mwanamume wake. Ila nilimsihi kabla plasta haijapigwa aombe kuoneshwa waya wa kijani kwa macho yake. Ameshanipigia simu mara mbili tangu siku hiyo, kuuliza kijani gani, kijani cha majani au kijani cha chupa. Kazi hajanirudishia, lakini usingizi najua hapati.

Shule zimefunguliwa, baba, na sijarudi kwa bosi. Sare tumenunua kwa kubanabana. Wateja wangu si wengi, lakini wakiniuliza bei nawaambia bei, nao wanajua wamelipia nini.

Sasa ombi langu. Nataka uje huku, na kabla hujaja ukumbuke nyumba zote ulizofunga umeme katika miaka ile migumu. Ukizisahau, muulize mama. Yeye alikuwa akikaa dirishani kusubiri malipo ya kila nyumba, hajasahau hata moja, wala mwenye nyumba. Tutazipitia mimi na wewe. Wenyewe watanunua waya. Ufundi nitautoa mimi. Wewe ngazi hupandi, utakaa chini kwenye kisanduku chako na kunielekeza nyaya zinapita wapi. Usiseme umezeeka, na usiniambie tutaelewana. Sema utakuja lini.

Yale maungio ya darini niliyabandua moja moja. Ncha zote zilinyanyuka kwa kidole, bila taabu, kama ulivyotaka. Ulimkunjia fundi atakayekuja baadaye. Nimekuja, baba.

Mwambie mama cherehani naitafuta, ila asinipangie rangi. Majirani wasalimie, na yule jirani anayedai taa yake ya barazani inakonyeza mwambie abadilishe balbu kwanza. Wajukuu zako wanakubusu mkono, mwenye pengo anakubusu mara mbili.

Ni mimi mwanao uliyempa jina kwa kuchezea kila kilichokuwa ukutani,

Swichi