Sahihi ya Watu wa Nyota

Kitale, Jumatano, Julai 1938

Na nibu ya kalamu ya ofisi imepinda. Hilo ndilo linaloniudhi.

Wale watatu walioanguka kutoka nyotani, tuliowaficha stoo ya mahindi, leo mchana waliletwa kwangu na Wafula, mswaga maksai wa shamba. Kila mmoja ana kibati cha utumwa shingoni, kama kipande changu, cheti cha kazi ninachovaa shingoni. Walimwona mzungu wetu, mwenye shamba, akimtilia mtu sahihi ya kumwachisha kazi kwenye kipande, na mtu akaenda zake. Nao wanataka sahihi.

"Mimi ni karani tu," nikasema.

"Si uandike tu, bana," akasema Wafula. "Ati ufalme wa mabwana zao unaporomoka huko juu. Nani atauliza?"

Nikakwaruza kila kibati kwa nibu: amemaliza kazi. Walilia, nadhani.

Kabla hawajashika njia ya mlimani, mkubwa wao alichukua kalamu, akakishika kipande changu ili naye anitilie sahihi. Nikamwambia changu lazima akitie sahihi mzungu mwenyewe. Akauliza kwa Kiswahili alichookota kwetu, "Kwa nini?"

Nimekaa hapa tangu saa moja ya jioni. Yeye ameshaenda, nami bado nakigeuzageuza kipande changu mezani, kando ya kalamu.