Mahindi ya Kwenye Karatasi

Temeke Mwisho,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 16 Oktoba 1976.

Mpendwa Mjomba Albano,

Shikamoo, Mjomba. Mguu wako unaendeleaje? Na mkazamjomba Yuliana, kile kifua kimemwachia? Sie huku hatujambo. Demetria anashukuru sana kwa korosho; kazifungia kabatini, mie mwenyewe naomba kama mgeni.

Nimeanza na korosho kwa sababu naona haya kuanza na lililonikalisha hapa.

Unakumbuka ulivyonicheka niliposema kazi yangu ofisini ni kuotesha mahindi kwenye karatasi? Ndiyo hiyo hiyo. Tunachukua siku mbegu ilipofukiwa, mvua iliyonyesha, jua na aina ya udongo, halafu tunapiga hesabu siku hadi siku: leo yamechomoza, leo yana kiu, leo yanabeba. Mwisho inatuambia ekari moja ingetoa magunia mangapi. Tukilinganisha na yaliyovunwa kweli, tunajua kwa nini shamba hili limejaza ghala na la jirani limetoa mabua.

Mwaka huu likaletwa shamba la ujamaa la kijijini kwetu. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa nguo ya sikukuu. Mkuu wangu, Ndugu Revelian, akaniuliza mbele ya wote: "Leonardi, wewe ni mtu wa huko. Shamba la kijiji mlipanda lini?"

Mjomba, si nilikuwepo? Nilikuwa likizo kwako. Mvua za kwanza zilipoanguka tulikimbilia shamba lako, na kila mtu lake, kama tufanyavyo siku zote. La kijiji likangoja mpaka Krismasi ikapita. Lakini pale mezani alikaa mtu wa chama. Nikaogopa mtaitwa wabinafsi, nanyi ni watu wangu. Nikajibu, "Mvua za kwanza, Ndugu."

Basi hesabu ikatoa magunia manane kwa ekari. Ninyi mlivuna matatu. Mvua ilitosha, mbegu nzuri, siku ya kupanda nzuri. Lawama ikauangukia udongo. Sasa wanasema ardhi imechoka, na kijiji kihamishiwe bondeni kabla ya mvua.

Wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, wengine ndio walihamia kwenu. Leo nanyi mng'oke, muache mikorosho na kaburi la mama, kwa ajili ya mdomo wangu!

Jana wenzangu walipotoka nilibaki nikaipiga hesabu upya kwa siku ya kweli. Ikatoa matatu. Matatu, Mjomba! Udongo wetu hauna kosa lolote. Nilikaa pale uso unaniwaka, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilipomweleza Demetria hakunibembeleza. "Umewaponza wajomba zako," akasema, "halafu unajisifu umewasitiri."

Jumatatu wanakutana ofisini kulipitisha hilo la kuwahamisha. Nitasimama. Nitaanza na jina langu: kwamba mikono hii ilishika jembe kwenye shamba la mjomba wangu huku la kijiji likiwa pori, na mdomo huu ndio uliodanganya. Nitawaambia pia mkipanda mapema, ardhi ile ile itatoa. Lakini baada ya jina langu litakuja lako, maana mwenyekiti wa kijiji ni wewe. Hilo sina pa kulikwepea. Mie naweza kupoteza kazi, nawe kiti.

Nisalimie mkazamjomba, na dada Anastasia na wanawe. Mwanao Kornelio mwambie aninolee lile jembe langu; Desemba nitakuja, niwe na kazi au nisiwe nayo, na tutaanza na la kijiji.

Mpwa hapaswi kusema jambo kama hili bila kwanza kuja kuomba ruhusa kwa mjomba wake. Najua. Ila barua hii haiwezi kukufikia kabla ya Jumatatu. Ukiisoma nitakuwa nimeshasema. Nikasirikie, Mjomba. Nifokee hata mbele za watu. Ila unifokee ukiwa umekaa hapo hapo kwenye baraza yako.

Mungu akutunze hapo ulipo, asikuondoe.

Mpwa wako akupendaye, hata kama hastahili kukutazama usoni,
Leonardi