Barua Arobaini na Moja kwa Vilmos

Jumatatu, 5 Oktoba 1936

Nimeanza kupiga taipu ofisini, kwa ajili ya kitabu, barua za marehemu Lóránt Keszey, mtunzi wa muziki, fahari ya Szeged nzima. Arobaini na moja, zote kwa Vilmos, mpiga zumari wa okestra yake. Na si za urafiki tu! “Vilmos wangu, pale unapovuta pumzi, ndipo nilipoacha nafasi katika wimbo.” Nikasita, vidole juu ya mashine. Kumbe ndiyo sababu zumari katika nyimbo zake hulia vile, kama mtu anayepumua.

Mara akaingia Bibi Etelka, dada wa marehemu. Akachukua karatasi yangu, akakata herufi mbili, akaweka moja. Vilmos — Vilma. Basi! Eti lugha yetu ya Kihungari haibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo jina tu linatosha kubadilishwa. Eti Mungu katusaidia.

Mungu! Nilitaka kutema mate.

Jumatano, 7 Oktoba

Vilma, Vilma, Vilma. Barua ya ishirini na sita.

Nimemwuliza Bwana Huszka, mwenyekiti wa kamati ya kitabu, huyo Vilmos yuko wapi. Akacheka hadi tumbo likatikisika. “Yupo, anafundisha zumari nyuma ya soko. Tumemuoza, mama, hata mahari hatukudai!” Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nikatabasamu. Nilitabasamu!

Alhamisi, 8 Oktoba

Vilmos kaja mwenyewe. Mzee, kola safi, kofia mkononi. Kumbe barua alizitoa yeye! Bibi Etelka alimwahidi watu watamjua Lóránt alivyokuwa.

“Ile ya mjini Trieste imo, binti? Alipougua nikamuuguza?”

“Imo, mzee.”

Imo kweli. Lakini jina ni Vilma; hilo sikumwambia. Akanishukuru, akanibusu mkono. Mnafiki mkubwa mimi, ningejitapika kama ingewezekana.

Jumapili, 13 Desemba

Naandikia kwenye chumba cha makoti, ukumbi wa tamasha. Haraka.

Kitabu kimezinduliwa. Mwigizaji kasoma ile ya Trieste kwa sauti ya asali, wanawake wakafuta machozi. Huszka akaongeza kuwa Bibi Vilma, maskini, alifariki akiwa bado msichana. Walimuua, hivihivi, mbele ya watu!

Safu ya tatu mtu akasimama. Vilmos. “Sijafa,” akasema. Polepole tu.

Bibi Etelka: kalewa, atolewe. Huszka akaninyooshea kidole, jasho linamtiririka. “Ilka ndiye aliyezinakili! Mwambie mzee, Ilka. Ziliandikwa kwa nani?”

Ukumbi wote ukanigeukia. Nikasema ngoja nilete barua zenyewe.

Ninazo hapa magotini, nilikuja nazo mkobani, mwandiko wa Keszey mwenyewe. Bibi Etelka anagonga mlango. Sauti laini: “Ilka, mwanangu, toka mikono mitupu. Sema hukuziona.”

Huko ukumbini Vilmos bado kasimama, namwona kwa upenyo wa pazia la kidirisha. Hakuna anayemshika, hakuna anayempa kiti.

Anagonga tena. Nimezikumbatia. Nafungua —